Kisanduku Kisichoitika

Setilaiti ndogo za kampuni zilitoka kwenye roketi moja moja, kama watoto walioruhusiwa kutoka darasani, na kila iliyotoka iliita kwa redio. Chumba cha waongozaji kilijaa vifijo. Zilikuwa kundi zima, za kuizunguka dunia zikitazama mito na kutoa tahadhari ya mafuriko, na hakuna hata moja iliyokwama.

Mwisho kikatoka kisanduku cha chuo kikuu, setilaiti ya wanafunzi iliyopewa nafasi ya bure pembeni. Hicho hakikuita.

"Kipeni muda," mwongozaji mmoja alisema.

Fundi aliyezipakia alitazama viatu vyake. Wenzake walimwita Bwana Tena, maana hakuna skrubu aliyoikaza bila kusema, "Hebu tena." Kati ya wote mle ndani, ni yeye peke yake aliyejua kwamba kisanduku kile hakingeita leo wala kesho. Na kiongozi wa wanafunzi waliokitengeneza alikuwa binti yake wa pekee.

Siku ya kukikabidhi, binti alikileta mwenyewe, macho mekundu kwa kukosa usingizi, kikiwa kimeshafungwa kabisa. "Msikifungue, baba. Kila kitu kiko sawa." Fundi alikipima, uzito ukawa barabara. Lakini alipokiweka kwenye mashine ya kutikisa, alisikia kitu kikigonga ndani kwa mbali. Tik. Tik.

Kama ni betri iliyolegea, ingeweza kushika moto na kuziunguza zile za jirani. Sheria ilikuwa wazi: mwambie mkuu, kirudishwe. Lakini roketi haimngoji mtu, na vijana wale walikuwa wamekihangaikia tangu mwaka wa kwanza. Angemwangaliaje mwanawe usoni?

Kila setilaiti ina pini ndogo inayozuia umeme usipite, nayo hutolewa kabla ya kabati la kurushia kufungwa. Bwana Tena alizitoa zote. Ya kisanduku kile hakuigusa. Kingeruka kikiwa kimezimika, kisimdhuru yeyote. Wala kisingesema neno milele.

Roketi ikaruka, kisanduku kikanyamaza. Tangu siku hiyo binti alishinda chuoni na wenzake, wakikisubiri kisanduku kila kilipopita juu yao. Akirudi nyumbani, salamu mbili tatu, kisha anajifungia chumbani. "Anajikaza nisimwone akilia," fundi aliwaza, na dhamiri ikazidi kumtafuna.

Jumamosi mchana alishindwa kuvumilia. Alipanda ngazi za chuo mpaka juu kabisa, kwenye kibanda cha bati walikoweka mitambo yao. Wanafunzi wanne walikuwa wameizunguka redio, mmoja amevaa hedifoni, mwingine ameshikilia antena ya kuzungushwa kwa mkono. Redio ilivuma tu, kama mvua ya mbali.

"Karibu, mzee!" mwenye antena alisema kwa uchangamfu. "Mtoto wetu kalala fofofo. Lakini ataamka tu, hatubanduki hapa."

Fundi alijaribu kutabasamu, uso ukakataa. Binti yake alikuwa nje ya kibanda, ameegemea ukuta, amewapa wenzake kisogo. Alimfuata.

"Mama, nina neno. Nikimaliza, ukitaka kunichukia, nichukie." "Kisanduku chenu hakitaitika. Pini yake sikuitoa. Nilisikia kitu kinagonga ndani, nikaogopa moto. Nikaogopa pia kukuvunja moyo, ndiyo maana sikukirudisha. Nikanyamaza. Hicho kimya mnachokisikiliza siku zote hizi ni changu mimi."

Binti alimkodolea macho. Fundi alijiandaa kwa lolote: kelele, kilio, hata kusukumwa.

"Umemwambia nani?"

"Bado. Lakini naingia sasa hivi kuwaambia wenzako. Hawa watoto hawastahili kudanganywa."

Akageuka kuelekea mlangoni. Binti alimdaka mkono, akaung'ang'ania kama alivyokuwa akifanya utotoni wakivuka barabara.

"Usiende, baba." Alishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Hata kama ungeitoa hiyo pini, kisingeitika. Mitambo yake ya ndani niliiunguza mimi, nikiijaribu peke yangu, usiku wa kuamkia siku ya kukukabidhi. Nilichokuletea ni ganda tupu, nimelijaza vipande vya chuma ili uzito utimie."

Ndani ya kibanda, mwenye hedifoni aliinua mkono juu.

"Nyamazeni, jamani! Kinapita!"