Kisigino Kwanza

Lango la boma la kijiji, la boriti za mikoko, lilijengwa fupi makusudi: aingiaye ainame, shingo yake iwe chini ya panga la mlinzi. Wenyeji waliingia kinyumenyume, kisigino kwanza. Adui hakuijua siri hiyo.

Wanaume walikuwa vitani na Wadachi, na siku hiyo Mwanawetu ndiye aliyeshika panga.

Kisigino kikatokeza. Lakini kilikuwa ndani ya kiatu cha askari wa Kidachi.

Akainua panga. Nani aliyewatajia siri?

“Mke wangu,” sauti ya mumewe ikalalamika kutoka chini, “risasi zimenikosa, lakini viatu hivi vya kuokota vitaniua.”

Mwanawetu akashusha pumzi. “Basi tulia hapo hapo, bwana we.”

Panga likashuka, likakata kamba za viatu.