Hesabu Juu ya Kitambaa Cheupe

Tunu, fundi cherehani, alikuwa akipiga hesabu kwa chaki ya bluu juu ya kitambaa cheupe cha mteja. Ada ya kusomea usaidizi wa daktari wa meno, miezi tisa: laki tisa. Mshahara baadaye: laki tatu kwa mwezi.

"Wifi, miezi mitatu tu ada imerudi!" Akapiga mstari chini ya jumla.

"Na hiyo miezi tisa utakula nini?" aliuliza Mwantumu, dada wa mumewe, huku akishona vifungo.

"Nitashona jioni. Na huyo daktari nitamshikia taa kwa mkono huu huu usiotetemeka!"

Kwa furaha akashika mkasi, akakata kufuata mstari, maana mkono wa fundi ukiona chaki haungoji kuambiwa.

"We Tunu! Umekata hesabu! Kitambaa cha watu hicho!"

Tunu akacheka, akaongeza bei ya kitambaa chini ya ada, akavua futi ya kupimia shingoni na kuizungusha mabegani mwake mwenyewe.

"Wifi, nishikie hapa nyuma," alisema. "Koti langu jeupe la kazi lisije likanibana."