Kimya Hakihitaji Kibali

Ofisa wa vibali alikata hotuba ya mhariri kwa kalamu nyekundu, kuanzia juu ya ukurasa hadi chini, kisha akaomba maji ya kunywa kana kwamba ametoka kulima.

"Hotuba hiyo ndiyo mchezo wenyewe," mwongozaji alimwambia. "Watu wanakuja kwa ajili yake."

"Ndiyo maana nimeikata, dada. Waziri mwenyewe ndiye mgeni rasmi. Unataka aje kutukanwa akiwa kiti cha mbele?"

Mchezo wao ulitokana na filamu ya zamani. Filamu ile hakuna asiyeijua. Mhariri wa kigazeti kidogo anafichua kwamba waziri ameuza dawa za hospitali; waziri anamwita ofisini ili amtishe, naye mhariri anamjibu kwa hotuba ambayo watu huinukuu hata harusini. Kikundi cha mwongozaji kilikuwa kimehangaika mwaka mzima kuipandisha jukwaani. Bila kibali, ukumbi ungefungwa na waigizaji wangerudi kupiga miayo majumbani.

Ofisa alipoondoka, mwigizaji aliyecheza mhariri alivua miwani ya mchezo.

"Sasa pale niseme nini? Habari za mvua?"

"Amekuandikia useme, 'Nimekuelewa, Mheshimiwa.'"

"Hilo silisemi hata unichinje."

"Basi usiseme kitu. Simama umtazame. Kimya hakihitaji kibali."

Kikohozi kikasikika kutoka safu ya nyuma. Bibi mmoja alikuwa ameketi huko, mkoba mapajani, kama ilivyokuwa desturi yake kila walipofanya mazoezi. Hakuna aliyejua ni wa nani. Waigizaji walidhani ni mama mkwe wa seremala. Seremala alidhani ni shangazi wa mwigizaji mmojawapo. Walimbatiza Bibi Kikohozi, maana mtu akikosea neno tu, yeye hukohoa.

Mwongozaji alimpelekea chai. "Bibi, kumbe filamu hii unaijua kuliko sisi. Umeitazama mara ngapi?"

"Kuliko nilivyotaka, mjukuu wangu. Nilikuwa na mtoto nyumbani. Mtoto akishapenda kitu, mama utafanyaje?"

"Basi mlete naye aje aone."

"Yule?" Bibi alipuliza chai. "Kazi zimemmeza mzima mzima. Nikimpigia simu, hupokea watu wengine."

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Waziri aliingia tumbo likimtangulia, walinzi wakimfuata, akaketi mbele. Ofisa wa vibali alikaa kando yake, akitabasamu kwa meno yote. Mwongozaji alichungulia kutoka nyuma ya pazia.

Mambo yalianza vizuri. Waziri wa jukwaani alipoficha maboksi ya dawa chini ya kitanda cha mkewe, Waziri wa kweli aliangua kicheko. Alicheka peke yake. Watu waliogopa kumsaidia.

Kisha ikafika ile sehemu.

"Sema!" waziri wa jukwaani alinguruma, akigonga meza. "Si una mdomo? Sema!"

Mwigizaji wa mhariri alisimama akimtazama. Hakusema. Ukumbi mzima ulijua ni maneno gani yalipaswa kuwa pale, na ukumbi mzima ukaona kwamba hayapo. Kimya kilitanda, kikazidi kuwa kizito, hadi mwongozaji akatamani kuteremsha pazia.

Ndipo sauti nyembamba, kavu, ikatoka safu ya nyuma.

"Mheshimiwa, gazeti unaweza kulifunga."

Kutoka upande wa pili mwanamume mmoja akaitikia, "Macho ya watu utayafunga kwa kufuli gani?" Wauguzi wawili waliokuja na sare zao wakadakia mstari wa tatu. Wa nne ulisemwa na safu nzima. Baada ya hapo haikujulikana tena nani anasema na nani anasikiliza. Hotuba ilikuwa ikinguruma kutoka vitini kwenda jukwaani, na mwigizaji wa mhariri, midomo yake imefumbwa kama alivyoagizwa, alikuwa akibubujikwa na machozi.

Ofisa wa vibali alichomoka kitini, akawaruka watu kwenye ngazi, akafika nyuma na kumshika Bibi Kikohozi mkono.

"Ni wewe! Wewe ndiye uliyeanza! Nani amekuleta hapa?"

Sauti zikakatika. Waziri naye alikuwa ameinuka, anapanda ngazi taratibu, uso hausomeki. Mwongozaji aliruka kutoka jukwaani akakimbia kumpita. Kibali kimekwenda, ukumbi umekwenda, na sasa bibi wa watu atalala ndani kwa sababu yake.

"Mheshimiwa, mchezo ni wangu," alisema akihema, akijiweka katikati. "Kama ni kukamata, nikamate mimi. Huyu bibi ni mtazamaji tu, hata jina lake hatulijui."

Bibi alimsogeza mwongozaji kando kwa upole, akaung'oa mkono wake kutoka kwa ofisa na kunyoosha mkunjo wa nguo.

"Umeniuliza nani amenileta? Sikuletwa na mtu, nimejileta," alimwambia ofisa. Kisha akamnyooshea Waziri kidole. "Mimi ndiye niliyemleta huyu. Duniani. Na hotuba hii alinipigia kelele nayo kutwa kucha, akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Haya, mwanangu, waambie: mstari unaofuata ni upi?"