Kundi la Utu Kwanza

Kufikia saa nne asubuhi watu mia moja na kumi na tisa walikuwa wameshajibu, na wote walikuwa na hasira.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Ulitoka kundi fulani la Newala, ukapita Chilangala, ukatua kwenye kundi la WhatsApp la Utu Kwanza Lisekese: "Kuna mama huko kwenu, wiki ya pili hawezi kusimama. Maji ndani yamekwisha. Hakuna jirani aliyekwenda kumjulia hali. Jina silitaji, nisimwaibishe."

Rahima, ambaye wote humwita Mama Anwari, aliusoma kwenye kibanda chake cha vitenge, mteja akiwa bado amesimama na doti mkononi. Yeye ndiye mwenyekiti. Kundi alilianzisha mwenyewe baada ya kuona watu wameacha kutembeleana.

"Mtu anakufa na kiu katikati yetu," aliandika. "Sisi ni watu gani?"

Viganja vya sala vilimiminika mpaka simu ikapata moto. Mzee Abdulkadiri alituma sauti ya dakika sita kuhusu zamani, mtu akiugua Lisekese uani hapatoshi: huyu na kuni, yule na ndoo ya maji, mwingine na uji. Waliosikiliza walisema wamelia. Wema, muuza maandazi, ndiye pekee aliyeuliza mgonjwa ni nani na anakaa wapi. Katibu, Mwalimu Mathias, alimjibu kwa upole kwamba majina huharibu mijadala mizuri, na kwamba hapa wanazungumzia maadili. Wema akaomba radhi.

Saa sita Mama Anwari alitoa agizo. Haiwezekani wote wawe wema hivi na mgonjwa alale peke yake. Lazima yupo jirani mmoja mwenye roho mbaya. Kila mwanachama atume picha akiwa amemtembelea jirani yake, mwisho saa tisa. Atakayeshindwa atakuwa amejitaja.

Lisekese nzima ikatoka nje. Korosho zilizoanikwa ziliachiwa kuku. Abdulazizi alipigwa picha akiwa ameshika kiganja cha jirani yake, na jirani huyo, aliyekuwa mzima kabisa, aliombwa alale kidogo. Imakulata na mke wa Nikolao walitembeleana kwa zamu, wakarudia mara mbili kwa sababu jua lilikuwa nyuma yao.

Saa tisa ikabaki namba moja: Selestina, Mama Dina, wa nyumba ya mwisho kwenye njia ya mashambani. Simu yake haikupatikana.

"Kaizima makusudi," aliandika Mwalimu Mathias.

Hapo kila mtu akakumbuka lake. Imakulata alisema amemtumia salamu za asubuhi zenye maua siku nane mfululizo, hajarudisha hata moja. Mwingine akasema mama huyo anaringa tangu binti yake aolewe na mtumishi wa serikali huko Newala. Mke wa Nikolao akamalizia: "Binti mwenyewe kajifungua juzi. Bibi hajaenda hata kumwona mjukuu. Huyo atamjali mgonjwa wa watu?"

Mama Anwari aliona hesabu imekamilika. Majirani wa wengine wote wameshaonekana pichani, basi mgonjwa yuko upande uleule wa mashambani, na huyu ndiye jirani yake. Akibanwa, ataonyesha mgonjwa alipo.

Wakaenda watatu kwa pikipiki mbili: mwenyekiti, katibu na Imakulata. Imakulata alipakata ndoo ndogo ya maji yenye mfuniko. Wema alikuwa amewapa chupa ya uji wa mtama wampelekee mgonjwa atakapopatikana, na Mama Anwari aliishikilia mapajani njia nzima, akiwaza kwamba wakichelewa watakuta maiti.

Mlango wa Mama Dina ulikuwa umefungwa kwa ndani. Walipiga hodi mara tatu.

"Mama Dina, fungua," alisema Mama Anwari. "Tunajua umo. Kuna mtu anakufa hapa karibu na wewe umejifungia."

Ndani kikaanguka kitu, kama kikombe cha bati.

"Umesikia?" Imakulata alinong'ona. "Yumo. Anatusikiliza."

"Tangu lini mtu akapigiwa hodi asijibu hata karibu," Mwalimu Mathias alisema. "Kwetu Sumbawanga ningeshangaa. Hapa ndiyo nashangaa zaidi."

Mama Anwari si mtu wa kubembeleza. Alirudi hatua mbili, akaupiga picha mlango ule, akaandika: "Huyu ndiye jirani asiye na utu. Amesikia hodi, amekaa kimya. Tumeshindwa kumpata mgonjwa kwa sababu yake." Kisha akaiondoa ile namba kwenye kundi. Kabla hajarudisha simu kwenye pochi, mioyo ilikuwa imefika arobaini. Abdulkadiri alituma sauti nyingine.

Uji walikubaliana wamrudishie Wema. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mfuniko na kumlowesha Imakulata, kwa hiyo aliyamwaga palepale kizingitini. Wakapanda pikipiki.

Ndani, Selestina alikuwa ametambaa kutoka kitandani hadi mlangoni, akipumzika kila baada ya hatua. Mkono wake ulipolifikia komeo, pikipiki zilikuwa zimeshaingia barabarani.