Adhabu ya Mama Orpa

"Rudisha tena kidogo," Mama Orpa alinong'ona, na Kasonia, mwenye kibanda cha video, akarudisha kanda nyuma kwa mara ya tatu.

Kwenye skrini, bwana arusi alimshika bibi arusi mkono, machozi yakimlengalenga, akaapa kwamba hata kifo kikija kitamkuta hajamwachilia. Kasonia alitafsiri kwa sauti kubwa ili kuishinda kelele ya jenereta, lakini Mama Orpa hakumhitaji tena. Midomo yake ilikwisha kutangulia. Aliona raha, na akajionea aibu kwa kuona raha ile.

Maana huyu hakuwa mama wa hivi hivi. Kila msichana wa kanisa lao la Butembo aliyekaribia kuolewa alipelekwa kwake afundwe, naye aliwaambia wote kwamba filamu ni uongo mtupu, mapenzi yako kwenye jembe na chungu. Mumewe, Gamaliel, alikuwa mzee wa kanisa. Vita viliwakimbiza kutoka kwao Kirumba mwaka 1996, wakafika na godoro moja. Gamaliel alieleza kwamba cheti chao cha ndoa kiliungua pamoja na nyumba, na kanisa likawapa makao uwanjani pake. Miaka sita ilikuwa imepita. Hapakufungwa ndoa hapo bila wao kuketi mbele.

Gamaliel alijua habari za video. Hakumkataza. Kila Jumamosi mchana Orpa aliporudi na macho mekundu, mumewe aliinamia sahani yake akala kimya, na hilo lilimuumiza Orpa kuliko kugombezwa.

Siku ile mlango ulifunguliwa ghafla. Shemasi Ézéchias alikuwa anamtafuta mke wake mwenyewe, aliyekwisha kuponyoka kwa mlango wa nyuma. Badala yake akamkuta Mama Orpa kwenye benchi la kwanza, analia, anaapa pamoja na skrini.

Habari ilifika Beni kabla ya jua kuzama. Pasta Ésaïe, msimamizi wao aliyekaa huko, alingoja siku nne askari wafungue barabara, kisha akaja kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Wiki nzima Orpa hakulala vizuri. Akitengwa na Meza ya Bwana, Gamaliel angevuliwa uzee, na wao na watoto wangetoka kwenye ile nyumba. Waende wapi, na Kirumba ina askari kila kona? Alijilaumu mpaka akakosa hamu ya kula.

Mbele ya baraza la wazee wa kanisa hakukana neno. Alikiri Jumamosi zote, hata zile alizosema anakwenda kuona wagonjwa.

"Mais mama, ile maneno ya mu film inakupendeza juu ya nini?" Pasta aliuliza.

Orpa alimtazama Gamaliel, kisha akatazama sakafu.

"Bale banasemaka mbele ya batu bote, pasta. Habafichake kitu."

Wazee waliguna. Pasta Ésaïe alikuwa mtu wa huruma. Vita vilikuwa vimemchosha kufukuza watu. Alifikiri kidogo, kisha akatoa hukumu.

"Kesho mutasimama mbele ya kanisa, weye na bwana yako. Mutarudilia viapo byenu bya ndoa, ili bile bya film bitoke mu kichwa. Kisha tutasahau."

Gamaliel aliinua mkono.

"Pasta, utatusomea polepole? Ni siku mingi."

Wazee wakacheka. Orpa peke yake hakucheka.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nani angekosa kuona Mama Orpa anaadhibiwa? Débora, binti aliyekuwa akifundwa naye mwezi ule, alificha uso kwa aibu. Pasta alisoma, wao wakafuata. Gamaliel alikosea mara mbili, watu wakamhurumia. Orpa hakukosea hata neno moja, ingawa machozi yalimdondokea kwenye kitenge. Mashemasi walitikisa vichwa, wakaona toba ya kweli.

Kanisa likasema amina. Na pale benchi la mbele, watoto wao watatu wakawatazama baba na mama yao wakifunga ndoa kwa mara ya kwanza.