Bustani ya Upande wa Pili

Karani wa masjala alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachungulia kwa jirani, na roho ikamuuma kama ilivyomuuma jana na juzi. Asumini imechanua! Nyasi mbichi, zinang'aa, na huu ni mwezi wa tatu mvua haijaonekana.

Upande wake yeye ulikuwa vumbi tupu. Maua yote yalikwisha zamani. Limebaki waridi moja pale ukutani, alilolipanda kwa kijitawi alichokata nyumbani kwa mama yake wiki ile waliyomzika. Nyumba ilishauzwa, na marehemu hakuacha kitu kingine. Kila jioni akitoka kazini alilimwagia kikombe kimoja cha maji kutoka kwenye pipa lake, huku akilibembeleza lisife. Na kweli, lilikuwa bado linatoa majani.

"Mwenzio ana mkono wa mimea," mumewe alisema walipokuwa wakinywa chai.

"Mkono wapi! Maji ya bomba yanatoka mara moja kwa wiki. Mapipa yake mawili tu yamwagilie bustani yote ile? Akamdanganye mtoto."

"Si anaishi peke yake, maji yake yote yanakwenda kwenye mimea."

"Mbona unamjua sana?"

Mume akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka.

Jirani mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mjane, mcheshi kupita kiasi. Wiki mbili nyuma alimwita pale ukutani: "Dada, nikupe ndoo mbili tatu? Jua hili halina huruma." Karani akamjibu kwamba hajafikia hatua ya kuombaomba. Akaingia ndani na kubamiza mlango.

Tangu siku hiyo mumewe, mstaafu asiye na kazi maalumu, akaanza kushinda kwa jirani. Cherehani imeharibika, alisema. Jamani, cherehani gani hiyo inayoharibika kila siku saa nane mchana? Na suruali anayotengenezea cherehani inarudije na tope magotini?

Siku moja karani aliaga kazini mapema, akasingizia kichwa. Nyumbani hakukuwa na mtu. Ila kicheko cha mumewe kilisikika, tena kicheko cha raha, upande wa pili wa ukuta. Alisogea ili asikilize vizuri, na mguu wake ukajikwaa karibu na waridi.

Ulikuwa mpira wa maji. Umefunikwa nyasi kavu, umepenyezwa kwenye tundu la chini ya ukuta, na mdomo wake umelala hatua mbili tu kutoka kwenye pipa lake.

Loo! Kwa hiyo yeye akiwa kazini, pipa lake linanyonywa. Maji anayojinyima kuoga ndiyo yanayostawisha asumini ya watu, na mfunguaji mlango ni mume wake wa ndoa! Halafu yule mwanamke akathubutu kumgawia ndoo mbili tatu!

Hakupiga kelele. Alikwenda stoo, akatoa dawa ya kuua magugu, ile kali ambayo hata kifuniko kimoja huchanganywa na ndoo nzima na kuyageuza maji meupe. Akauinua mdomo wa mpira na kumimina chupa yote, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akaulaza palepale ulipokuwa, akaufunika vizuri kwa nyasi.

Akaingia ndani, akajifungia, akakaa dirishani. Wavute sasa! Mpaka kesho kutwa asiwe na hata jani moja la kujishaua nalo.

Saa nane ilipofika, sauti ya fundi cherehani ikavuka ukuta.

"Haya, Shemeji, fungulia yote leo. Joto hili litaliua waridi la watu."

"Taratibu, taratibu," mumewe akajibu. "Na tafadhali, asijue. Akisikia ni maji yako atayakataa, na waridi hilo ndilo pekee alilobaki nalo la mama yake."

Karani aliufikia mlango, akauangusha ufunguo, akauokota, akauangusha tena. Alipofanikiwa kutoka nje, maji yalikuwa yameshajaa kwenye shina la waridi, meupe kama maziwa.