Mstari Kwenye Mtutu

Fundi Makunja aliining'iniza mitutu miwili ya ile bunduki kuukuu kwa uzi, akaigonga kwa kijiti. Mitutu mizima hulia kama kengele, hii ilikoroma.

"Msiipige kesho kwenye arobaini ya baba yako, dada Kirumbe. Itawalipukia usoni."

Akaisugua kwa kitambaa chenye mafuta mpaka mstari mwembamba ukajitokeza, umeizunguka mitutu yote miwili.

"Ilikatwa hapa ikawa fupi. Baadaye ikaungwa irudi urefu wake."

"Nani anakata bunduki yake?"

Fundi akainamisha macho. "Anayetaka iingie ndani ya koti."

Uso ukamwaka Kirumbe. Kwa bunduki hiyo, baba alisema, aliulinda mji miaka ile ya majambazi. Siku ya mazishi Kirumbe alimfukuza msibani jirani aliyenong'ona vingine, akamtupia na kanga yake nje.

Akaibeba bunduki kurudi nyumbani. Sokoni wauza ndizi wakasimama kwa heshima.

"Bunduki ya mzee hiyo! Kesho tutaisikia?"

Kirumbe akaitikia kwa kichwa, kiganja chake kimeufunika ule mstari.